Mrija wa Jogoo Peke Yake

Sogea karibu, wewe unayesoma, nikueleze jinsi chembe nyeupe ya damu inavyoua. Haiui kwa hasira. Inajisogeza hadi kwenye seli nyingine, inaigusa, inatafuta alama. Isipoiona, inapita. Ikiiona, inashikamana nayo, inatoboa ganda lake, kisha inaiachia na kwenda kugusa nyingine.

Miaka ile ya vita nilikuwa fundi wa maabara Bujumbura. Walimu wengi walikuwa wameondoka, kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa kike, mwenyeji wa mtaa wa Nyakabiga, alibaki na mimi tu wa kumsaidia kumaliza kazi yake ya diploma. Alitaka kuonyesha mauaji hayo kwa macho matupu, bila mashine. Tulichukua seli nyekundu za jogoo, tukazitia alama kwa maji ya damu ya sungura aliyekwisha kudungwa seli kama hizo, tukazichanganya katika mrija wa kwanza na chembe nyeupe kutoka mkononi mwa binti mwenyewe. Seli za jogoo zikipasuka, maji ya juu yanageuka mekundu. Mrija wa pili ulikuwa na seli za jogoo peke yake. Huo ulipaswa kubaki mweupe juu.

Damu ya jogoo tulipewa na mchinjaji mmoja Mwislamu. Alikataa malipo, kwani kwao damu haiuzwi, lakini maneno hakutunyima.

"Tena? Watu watasema munafanya uchawi."

"Ni masomo, baba," binti alimjibu.

"Basi huyu jogoo amesoma kunishinda mimi."

Mirija ilitakiwa kukaa saa nne katika joto la mwili. Siku hiyo umeme ulikatika, na mchana risasi zikasikika upande wa milimani. Tukaambiwa tutoke wote. Binti aliifunga mirija mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, akaenda kwao kwa miguu, mbio na kusimama, mbio na kusimama.

Asubuhi alirudi akitabasamu. Mrija wa kwanza ulikuwa mwekundu kabisa. Nikamwomba wa pili. Nao ulikuwa mwekundu.

Aliitazama ndoo ya taka. "Papa, huu tuutupe. Nani atajua?"

"We utajua."

"Wiki ijayo natetea kazi yangu. Nikikosa, sijui kama mwaka kesho shule itafunguliwa."

Hakuwa anatia chumvi. Hakuna aliyejua. Nilimwonea huruma, hata mkono wangu ulikuwa umekwisha kuushika ule mrija ili niutupe. Lakini nilimwambia tuulize kwanza unasema nini. Hapakuwa na chembe nyeupe ndani yake, basi nani alizipasua seli za jogoo?

Aliuchukua, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mi ndiye niliyeziua. Nilikimbia nazo."

"Mtikisiko, ndiyo. Sasa tunajua kitu ambacho jana hatukukijua."

Chupa ya damu ya jogoo ilikuwa na kiasi cha kujaribu mara moja tu. Mkono wake ulikuwa umechomwa vya kutosha, hivyo chembe nyeupe zikatoka mkononi mwangu. Umeme haukuwa umerudi. Binti aliketi kitini, mirija imefungwa wima kwa kitenge tumboni kwake.

"Nikikohoa je?"

"Usikohoe."

"Na nikicheka?"

"Sitakuchekesha."

Kwa saa nne nilimsomea kurasa zake kwa sauti, nikiruka sehemu yoyote niliyodhani ingemchekesha. Tulipofungua kitenge, alifumba macho na kunipa mrija wa jogoo peke yake. Maji ya juu yalikuwa meupe, na seli zimetulia chini kama udongo. Ndipo tukatazama wa kwanza. Ulikuwa mwekundu.

Alitetea kazi yake, na ule mrija uliotuangusha aliuandika katika ukurasa wake wenyewe.

Nawe ukifanya jaribio, weka mrija mmoja usioutia chembe za kuua, na uusome huo kwanza.