Kadi Mbili na Kamba Yenye Umande

Mwanangu, kosa nitakalokusimulia ni la mtu anayepima huku moyo wake umekwisha kutoa hukumu. Jina lake ni upendeleo. Nalitaja mapema usije ukanisikiliza hadi mwisho ukidhani nilikuwa mwongo. Namba nilizoandika zilikuwa za kweli kabisa, na hilo ndilo linalonitia haya hata leo, mvi za kwanza zikiwa zimekwisha kunibishia hodi.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi mjini Gitega, Burundi, muda mfupi baada ya familia yetu kurudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa fundi katika chumba cha kutengenezea video za harusi, na watu walinisifu kwamba nazijua kompyuta. Ushirika wa wakulima wa Gishubi ulitaka kufungua darasa la kuwafundisha vijana wao kazi hiyo, ukaniomba niwapimie kadi mbili za michoro, zile ambazo mafundi wa Gitega huziita karti grafiki: kipande kinachobeba mzigo wa picha ndani ya kompyuta. Itakayoshinda, wangeagiza za darasa zima kwa muuzaji wake.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya Elias, niliyekua naye kambini tukichangia sufuria moja. Aliivusha mpakani ikiwa ndani ya boksi linalong'aa. Ya pili ilikuwa ya Mama Riziki, mkimbizi kutoka Uvira, aliyeuza vipande vya kompyuta vilivyokwisha kutumika kwenye meza moja kando ya soko. Yake aliileta imefungwa katika kitenge kama mtoto mchanga.

"Petit yangu, mdogo wangu," aliniambia, "usiangalie nguo yake. Iko muzima. We uiulize kazi, itakujibu."

Ya Elias niliipima asubuhi, kompyuta ikiwa imepumzika, dirisha wazi, na baridi ya Gitega ikiingia ndani. Niliipa kipande cha video ya harusi, nikahesabu dakika hadi ilipokimaliza. Ya Mama Riziki niliipima alasiri, mashine ikiwa imefanya kazi kutwa, imefunikwa, na dirisha nimelifunga kwa sababu ya vumbi la barabarani. Nilijua, mwanangu, kwamba kadi ya michoro ikishikwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Nilijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Lakini akipenda, chongo huita kengeza. Nilijiambia kwamba kazi ni ileile, mashine ni ileile, saa ya kupimia ni ileile. Kadi ya Mama Riziki ikachelewa mno. Nikaandika matokeo kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni.

Alikuja akasimama mbele ya karatasi ile, mikono kiunoni.

"Alors, mi nauza mawe?"

"Namba hazina ndugu, mama," nikamjibu.

"Ndiyo, namba haina ndugu. Ni we uko na ndugu."

Waliokuwapo walicheka, nami nikacheka kuwapita wote, kama afanyavyo aliyechomwa penye kidonda. Wiki haikuisha kabla wateja hawajaanza kuipita meza yake bila kusimama. Nikasikia kwamba Mama Riziki anafikiria kuikunja meza na kurudi katika kambi ya wakimbizi, alikotoka kwa jasho la miaka mingi. Watu wa Gishubi walisema wangekuja siku za karibu kutoa agizo lao kwa Elias.

Kabla hawajaja, niliitwa nyumbani Buhinyuza, mkoani Muyinga. Shamba la babu yangu lilikuwa mikononi mwa Mzee Simoni, jirani ambaye hakukimbia vita kama sisi, na baada ya maneno mengi familia zetu mbili zilikubaliana kulikata sawa kwa sawa, kamba kumi huku na kumi kule. Mpimaji alikuwa mushingantahe wa kilima chetu, yaani mzee ambaye watu wamemkabidhi fimbo ya haki. Alikuja na kamba ya mkonge begani. Mimi nilishika ncha moja.

Tulianza mapema, umande ungali kwenye majani, tukampimia Simoni kamba zake kumi. Jua lilipokwisha kupanda ndipo tukaanza upande wetu. Kwenye kamba ya tatu mzee alisimama, akaipitisha kamba kati ya vidole vyake, akaiachia ianguke.

"Tunarudia," akasema. "Tangu mwanzo."

"Mzee, kamba si ni ileile?"

"Ni ileile. Lakini asubuhi ililowa ikanywea, na sasa imekauka, imerefuka. Simoni amepata kumi fupi, nyinyi mnapata kumi ndefu. Leo hakuna atakayeona. Wajukuu wenu wataona, na watakuja na mapanga."

"Musamehe," Simoni akadakia, "huko kambini walimupimia mahindi tu."

Tulicheka, hata mimi. Tukakaa chini kuingoja kamba ikauke yote, na mzee akaniuliza habari za kazi yangu ya mjini. Nikamweleza juu ya zile kadi mbili, jinsi nilivyozishindanisha na jinsi moja ilivyoanguka, nikijisifu kama jogoo juu ya kichuguu. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mi sijui hiyo karti yako," akasema polepole. "Lakini niambie, mwana wanje, mwanangu: zote mbili ulizipima na jua moja?"

Nikamwambia kwamba ya rafiki yangu niliipima asubuhi ya baridi, na ya yule mama alasiri. Hakunigombeza. Aliniwekea kiganja begani, kikavu na chenye joto, akasema, "Basi, na we utarudia."

Shamba tulilipima upya, nami nilipofika Gitega nilirudia. Kila kadi niliiweka katika mashine iliyopoa, dirisha wazi, kazi ileile. Na kesho yake nikageuza zamu, iliyotangulia ikafuata. Katika kazi fupi kadi ya Elias ilitangulia kwa unywele. Katika kazi ndefu, ambayo ndiyo kazi ya harusi, ilipata joto na kuchoka, na ile ya kitenge ikashika mwendo wake hadi mwisho. Niliichana karatasi ya kwanza, nikabandika ya pili, kisha nikaenda Gishubi mwenyewe kuwaambia kwamba nilikosea na namna nilivyokosea. Waliagiza kwa Mama Riziki. Elias alininunia mwezi mzima, kisha akaja kuniomba nimpimie kadi nyingine.

Mama Riziki nilimwomba radhi mezani pake, mbele ya wateja, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipomvunjia jina.

"Uliniumiza, petit," akasema. Kisha akanisogezea kiti.

Mwanangu, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na mikono yako haitakuomba ruhusa itakapoivuta. Kwa hiyo unapopima vitu viwili, au watu wawili, anza kwa kukipa unachokichukia asubuhi yenye baridi uliyokuwa umekiwekea unachokipenda. Ukigundua umekosea, rudia tangu mwanzo, hata kama fungu lako litapungua, na usahihishe palepale ulipotangazia. Namba ya kweli iliyopatikana kwa mkono uliopinda humdhulumu mtu kuliko uongo, maana uongo hupingwa na namba huaminiwa.

Mungu akupe jicho lisiloogopa kujitazama, akupe majirani watakaokusogezea kiti baada ya kosa lako, na kamba yako aikaushe kabla hujaishika. Nami kila nipimapo kitu humwombea pumziko jema yule mushingantahe wa Buhinyuza aliyenifundisha kurudia, Mzee Bigirindavyi.