Tulivyotafuta godoro la kambi la bei nafuu kwa baridi ya Kisoro, mume wangu akagoma kulijaribu

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioko jukwaani. Haya ninayoandika sikusimuliwa, yametupata mimi na mume wangu hapa Kampala.

Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kambini Makindye, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha kambini. Mtanisamehe pale kitakapopinda.

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Nakasero. Wenzangu kazini wana kikundi cha kupanda milima, na safari hii walipanga kwenda Kisoro, chini ya mlima Muhabura, kulala kwenye mahema. Ukiwa na mume au mke, unakuja naye.

Mume wangu Pascal ni Mkongo, kinyozi pale Kamwokya. Nilipomwambia alifurahi sana. Kutoka Kisoro, milima ya kwao inaonekana.

Hema na sleeping bag, yaani mfuko wa kulalia, tungeazimwa. Cha kulalia chini, kila mtu ajitegemee.

Mimi nikasema, si nabeba tu kile kimkeka changu cha mazoezi? Mwenzangu mmoja, Judith, akanicheka.

"Baridi ya kule haitoki juu, inatoka chini," akaniambia. "Sleeping bag ukiilalia inabanwa, haina joto tena upande wa mgongo. Tafuta kitu chenye R-value."

Kwa wasiojua kama mimi: R-value ni namba inayoonyesha godoro linazuia baridi ya ardhi kiasi gani. Ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Kimkeka cha mazoezi karibu hakina kitu.

Basi Jumamosi tukaenda na Pascal kwenye duka la mitumba ya kambi, hapo hapo Kamwokya. Mwenye duka tunamwita Ssalongo, kwa sababu ni baba wa mapacha. Akatutandikia magodoro kwenye sakafu ya saruji.

"Lala, nyabo, ujaribu! Na wewe ssebo, lala!"

Mimi nikalala, nikageuka huku na huku, nacheka.

Pascal alisimama mlangoni. Nikamwita, hakusogea. Nikamwita tena, akaniambia kwa sauti ndogo, "Miye siendi tena huko. We enda na wenzako."

Akatoka.

Wakuu, niliona aibu mbele ya Ssalongo, kisha nikakasirika. Nilidhani anaogopa gharama, au hawapendi watu wa kazini kwangu.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilikuwa namenya matoke, akaja akakaa kwenye kigoda karibu yangu. Akaanza mwenyewe.

Alipokuwa mdogo walikimbia vita, wakafikia mahali penye mawe meusi ya volkano. Walipewa shiti moja ya plastiki. Wakatandika, wakalala. Mawe yale, alisema, yalikuwa yananyonya joto la mwili mpaka meno yanagongana.

"Mama alikuwa analala chini, halafu ananilaza juu ya tumbo yake," akasema. "Kila siku vile. Yeye ndiye alikuwa matela yangu, godoro yangu. Sasa jana nikikuona umelala kwa saruji, unacheka..."

Niliacha kisu, nikamshika mkono. Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi lakini hakuutoa wake.

Nikamwambia safari tuiache, haina maana yoyote.

Akakataa. "Nataka kwenda. Ila siwezi kulala pale penye ardhi itanishika."

Hapo ndipo nilipoelewa tunatafuta nini hasa.

Tukarudi kwa Ssalongo. Safari hii Pascal ndiye aliyechagua. Aliingia polepole, akapiga goti kwenye godoro moja, akabonyeza, akasubiri. Akapiga goti kwenye lingine. Ssalongo alitaka kuanza maneno yake ya biashara, nikamtazama, akanyamaza. Mwisho Pascal akalala chali, macho wazi, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilijifanya natazama taa za kambi.

Tulichonunua: foam mbili za kukunja, yaani sponji ngumu zenye mabonde kama trei ya mayai, na magodoro mawili ya kupuliza yaliyotumika. Angalieni sana hapa. Godoro la kupuliza lenye hewa tupu ndani halifai kwenye baridi. Tafuta lenye nyuzi au karatasi ya kung'aa ndani yake. Na ukiweka foam chini na la kupuliza juu, R-value zake zinajumlishwa. Foam yetu ina R-value ya mbili, la juu lina tatu, jumla tano. Moja jipya lenye uwezo huo, bei yake hatungeiweza.

La mtumba mlitie kwenye beseni la maji kabla ya kulipa. Letu moja lilitoa mapovu, Ssalongo akatubadilishia.

Kisoro ni baridi, wakuu, tusidanganyane. Pua yangu iliganda. Lakini mgongo ulikuwa na joto, na asubuhi ilibidi nimwamshe Pascal kwa kumtikisa. Judith alishachemsha chai. Mawingu yalikuwa yametoka mlimani.

Alikunywa chai yake, kisha akampigia mama yake, anayeishi kwa shemeji yangu hapa Kampala. Akamwambia, "Mama, nimelala chini, na sikusikia baridi." Nikamsikia mama mkwe anacheka, anamwomba amwonyeshe hilo godoro kwenye video.

Nilichojifunza: usinunue kwa macho, lala juu yake dukani. Na unayesafiri naye akigoma, usigombane naye pale pale. Mpe nafasi, ataongea.

Sasa nina swali, naombeni mnisaidie. Mama mkwe anasema mwakani twende naye. Analalia ubavu na nyonga zinamsumbua. Mliolala kwenye baridi na wazee, godoro la unene gani linamfaa?