Soksi za Jumapili

Juzi, katika zahanati moja njia ya Mtae, mama mwenye miguu iliyovimba alimlalamikia nesi kwamba soksi za kubana alizopewa hazijamsaidia.

"Unazivaa lini, mama?"

"Jumapili, kanisani. Soksi nzuri hivi nikalimie shamba la kijiji?"

Nesi hakucheka. Alimweleza kwamba zinazuia damu isituame miguuni, kwa hiyo azivae kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani.

"Nikae kitandani navuta soksi, maji atachota nani?"

Mumewe, aliyesimama mlangoni, alivua kofia. "Nitachota mimi."

Sote tuliokuwa kwenye foleni tuligeuka kumtazama, maana huku kwetu mwanamume hachoti maji.

Hotuba za maendeleo nimesikia nyingi. Hii ya maneno mawili nimekutana nayo leo asubuhi ikipanda mlima, ndoo begani.