Upindo wa Vidole Vinne

Mtaani walimwita Mama Kwanini, na jina hilo hakupewa na adui. Lilitoka kwa mumewe mwenyewe, dereva wa lori, aliyechoka kuulizwa kwa nini amechelewa, na akachoka zaidi kuulizwa kwa nini amewahi. Ukimsifia mapishi yake, Mama Kwanini atakuuliza umekuja kukopa nini.

Kazi yake ni kushona sare za shule. Chumba chake kinatazama barabara: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia iliyolika pembe, misumari ukutani ya kutundikia nguo zilizokwisha. Barazani amemkaribisha fundi viatu, ambaye mchango wake wa pango hutoka kwa shida na maoni yake hutoka bila kuombwa.

Sifa ya sare zake ni upindo. Chini ya kila sketi na kila suruali huacha kitambaa cha upana wa vidole vinne, akakikunjia ndani na kukishikiza kwa mkono, kwa mishono mirefu inayofumuka kirahisi. Mtoto akirefuka, upindo unashushwa, na nguo inaanza maisha mapya. Mafundi wa mtaa wa pili huacha kidole kimoja, na mwaka ukizunguka mzazi ananunua nyingine. Yeye alishona alivyofundishwa. Katika mambo yote ya dunia, hilo peke yake hakuwahi kulihoji.

Kisha kiwanda cha mafuta ya kupikia kilichoko mwisho wa barabara kikatangaza kwamba kitawavisha bure watoto wote wa shule ya msingi.

"Fundi, msimu wako umekwisha kabla haujaanza," fundi viatu alimwambia, kiatu kikiwa magotini.

"Kwa nini watoe?"

"Wana huruma."

"Wameipata lini? Wako hapa tangu sijaolewa."

Kesho yake alikuja binti wa kaka yake, anayefanya kazi katika ofisi ya kiwanda hicho. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au umetumwa?"

"Vyote viwili."

Kiwanda kilitaka yeye ndiye azishone sare zote. Kitambaa kingeletwa, na mfano wa kufuata ulikuwa ndani ya mfuko. Kwa fundi ambaye wateja wake wote walikuwa wanakaribia kuvishwa bure, hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki. Akiikataa, chumba kinafungwa. Alilijua hilo, na alijua kwamba binti naye analijua.

Aliipindua ile sketi ya mfano ndani nje kabla hajaitazama nje. Upindo ulikuwa mwembamba kama utambi wa taa.

"Mtoto ataivaa hii mpaka lini?"

"Mwaka mmoja. Mwakani tunatoa nyingine."

"Na mnapiga picha nyingine."

"Ndiyo, na picha, shangazi. Ubaya uko wapi? Kiwanda kinalipa kodi, kinalipa mishahara, na wangu ukiwemo. Hakidaiwi kitu zaidi ya hapo. Kikizidisha, tuseme asante."

"Kama hakidaiwi, mbona kinakuja kulipa?"

Binti akacheka. "Haya, na mimi nikuulize. Wewe nawe una biashara. Unadaiwa nini?"

Barazani nyundo ilinyamaza ili mwenyewe asikie vizuri.

"Mimi nashona," Mama Kwanini alijibu. Halafu akatoa sharti lake: upindo wa vidole vinne, na kitambaa kiongezwe, la sivyo watafute fundi mwingine. Alilisema kwa macho makavu. Alitarajia wakatae, na upande mmoja wa moyo wake ulitaka wakatae. Hapo angekuwa na hakika kwamba wanawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na wao hawakupungukiwa na chupa.

Binti alirudi kabla ya chakula cha mchana.

"Wamekubali."

"Wamekubali vipi?"

"Bila kubishana. Meneja amefurahi, amesema umefikiria jambo la maana."

Habari hiyo ilimkera. "Amesema nini hasa? Kwa maneno yake."

"Amesema kama nguo itadumu miaka mitatu, hakuna haja ya kutoa kila mwaka. Kitambaa cha upindo ni kidogo kuliko sare nzima."

"Fundi," sauti ilitoka barazani, "leo umejikata mwenyewe."

Haikuhitaji kufafanuliwa. Upindo wake ulikuwa umekipunguzia kiwanda miaka miwili ya kutoa, na kumwondolea yeye kazi ya miaka hiyohiyo. Angeshona kwa kufuata mfano, mwakani wangempa tena kazi ileile, au wasingetoa kitu na wazazi wangerudi kwake. Kwa vyovyote angekula.

Binti aliliona hilo usoni mwake, akainamia meza. "Shangazi, mfano bado uko hapa. Naweza kusema umebadili mawazo."

"Kwa nini unanisaidia?"

"Kwa sababu wewe ni shangazi yangu."

Mama Kwanini alimtazama kwa muda, akitafuta nani mwingine amelituma neno hilo. Kisha akachukua chaki na kuanza kupima vidole vinne. Fundi viatu alipomdadisi baadaye, alisema hawezi kuwapa mafundi wa mtaa wa pili nafasi ya kumcheka.

Sare ziligawiwa. Siku chache baadaye akaingia mama mmoja, mkononi ana sketi mpya.

"Fundi, upindo huu mnene mno. Mwanangu anatembea kama amebeba mzigo. Nikatie, nitakulipa."

"Usiukate. Mwakani njoo nikushushie."

"Mwakani si watatoa nyingine?"

"Hawatatoa."

"Umejuaje?"

Akamweleza. Yule mama alisikiliza, macho yakihama kutoka kwake hadi kwenye mabunda ya kitambaa kilichobaki pembeni, bado yana karatasi za kiwanda.

"Kwa hiyo wewe na wao ndio mmepanga watoto wetu wasipewe tena."

"Sikupanga. Niliomba kitambaa."

"Na kazi walikupaje? Yule binti wa ofisini ni nani yako?"

Yalikuwa maswali mazuri. Angekuwa yeye, angeyauliza kwa mpangilio uleule.

"Mtoto wa kaka yangu."

Yule mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta. Akaikunja sketi. "Mtaa wa pili watanikatia."

"Basi kile kipande kitakachokatwa, ondoka nacho," Mama Kwanini alimwambia, mwenzake akiwa tayari mlangoni. "Usimwachie fundi. Mwakani kitakufaa kuirefusha."

Yule mama alisimama barazani, akageuka, akamtazama kuanzia chaki ya mkononi hadi miguuni, akijaribu kukisia fundi huyu anapata faida gani katika hilo. Hakuipata. Akaibana sketi kwapani na kuondoka kwa haraka zaidi.