Shimo la Kusimamia

Tarehe tatu, mwezi wa Julai. Baridi, na upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Nilimbeba binti yangu mgongoni hadi misheni, kama kila siku. Ana miaka minne na miguu haijamsimamisha. Uzito wake unaongezeka, nguvu zangu haziongezeki. Njiani tulipishana na watu waliokamatwa na askari wa Mdachi kwa kazi ya reli, nikaona haya kulalamika.

Katika chumba cha watoto wasiojiweza, Bibi Mzungu humpaka mafuta ya nyonyo magotini, kisha huyakunja magoti na kuyanyoosha polepole, hata mtoto akilia. Ni miezi mitano sasa. Leo binti alishika benchi akasimama. Wenzake wakapiga kelele. Bibi akafuta macho.

"Mwalimu, umeona kazi ya mafuta? Nitawaambia akina mama wote."

Ninaitwa mwalimu, ingawa ninachojua ni kusoma na kuandika kidogo. Ningeweza kunyamaza. Lakini isingekuwa haki. Nilimwambia kwamba mkwe wangu, mama wa mke wangu, aliyekuja kutoka Haneti kwa ajili hiyo, amechimba shimo uani, na kila jioni humsimamisha mtoto humo, udongo mpaka kiunoni, kama wanavyofanyiwa wanaochelewa kutembea. Bibi alishalikataza jambo hilo mbele yangu, nami nikaitikia.

"Umenidanganya miezi yote hii?"

"Ndiyo, Bibi. Ila sijui ni kipi kilichomsimamisha."

Alinawa mikono. "Basi mlete huyo mkwe wako, anionyeshe hapa anavyofanya. Asipokuja, mtoto simgusi tena."

Kwa mila yetu simtazami mkwe usoni. Jioni nyumbani nilikaa nyuma ya ukuta wa tembe, nyumba yetu ya udongo, mke wangu akampelekea mama yake maneno.

"Mwambie mumeo, mimi nilimfuata mjukuu, sikumfuata Mzungu."

"Mama, asipokandwa magoti yatakakamaa tena. Si wewe uliyesema siku hizi anaingia shimoni bila kulia?"

Nikamsikia mkwe akijibu: "Nitakwenda. Ila yeye atangulie mbele kabisa, amebeba mtoto wake, nisione hata kisogo chake. Na huyo Mzungu atafute jembe, sitachimba peke yangu."

Sijui kama nimetenda vyema, au nimewatwika wengine mzigo wangu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, mkwe ndani, mimi nje. Mtoto alisinzia na tonge mkononi.