Karte Roze Ilibaki Nyumbani

Dada yangu mkubwa aliolewa Jumamosi, upande wa Zambia, na mimi sikuwepo. Naandika hilo mwanzoni kabisa ili nikifika katikati nisije nikajidanganya.

Nilitakiwa kusimama nyuma yake kanisani, kushika maua na kumrekebishia shela. Yaya, ndivyo ninavyomwita dada mkubwa, ndiye aliyenichagua mwenyewe. Rafiki zake walimwambia, "Uyu mudogo yako hata kusalimia bantu anaona haya, atasimama namna gani mbele ya kanisa nzima?" Yaya akawajibu, "Atasimama juu ya miye," yaani kwa ajili yake. Basi wiki mbili nzima nilijizoeza kusimama mbele ya kioo, mabega nyuma, nikishika ufagio badala ya maua.

Mama alitangulia kwa basi pamoja na shangazi na masufuria. Papa na mimi tulibaki nyumbani Kampemba kwa sababu yeye alikuwa na kazi mpaka Ijumaa jioni na mimi nilikuwa na mtihani. Tungeondoka Jumamosi alfajiri kwa pikipiki yake, moto kama tunavyoiita kwetu. Hadi mpakani ni mwendo wa kama saa mbili hivi, malori yakiwa machache, na mji anakoolewa yaya hauko mbali na mpaka. Misa ilikuwa saa tano asubuhi.

Nyumbani kwetu karatasi ni kazi yangu. Papa hapendi fomu. Ijumaa jioni akaniambia, "Weka makaratasi yote mu sashe." Ndani ya mfuko huo wa plastiki nikaweka permis yake ya kuendeshea, asiransi, yaani bima, ya hapa na ile ya ng'ambo aliyoilipia wiki hiyo, laissez-passer zetu mbili za kuvukia mpaka, barua inayoniruhusu kuvuka nikiwa na papa, na kopi ya karte roze ndani ya plastiki yake ngumu. Karte roze ndiyo karatasi inayosema pikipiki ni ya nani. Ile yenyewe, original, haitoki nyumbani. Zamani papa aliporwa mkoba soko la Kenya, hapa hapa mjini kwetu, karte roze ikaenda nao, na kupata nyingine kulimchukua miezi. Tangu hapo original inalala kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, na papa anatembea na kopi. Wala si yeye peke yake. Mjini kwetu watu wengi wanafanya hivyo, polisi wa roulage, wa barabarani, anaitazama kopi na kukuachia njia.

Nilipoishika ile kopi nilijiuliza, na mpakani je? Nikaenda kumuuliza papa. Alikuwa kwenye simu, anacheka na ndugu yake mambo ya harusi. Nikasimama mlangoni. Aliponiona akainua kichwa kama kuniuliza kuna nini. Nikasema, "Hapana kitu, papa." Mimi niko hivyo, sijui kukata maneno ya mtu mzima. Nikarudi, nikafunga sashe.

Mpakani tulifika mapema. Papa alikuwa na suti chini ya koti la mvua, mimi gauni langu lilikuwa kwenye begi mgongoni. Kwenye dirisha la duane, yaani forodha, alikaa mtu wa makamo mwenye miwani. Akatoa karatasi moja moja, akizipanga vizuri, mpaka akafika kwenye ile ya plastiki.

"Hii ni kopi."

"Ndiyo, chef. Ndiyo natembeaka nayo."

"Original iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

Akavua miwani. "Papa, moto inaenda Zambia, karte roze inabakia kulinda nyumba?"

Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mmoja akadakia, "Ilichoka, chef, haipendi safari." Papa naye akacheka, lakini kile kicheko sikukipenda, kilikuwa cha kuomba.

"Chef, leo natoa mutoto yangu ku ndoa. Saa tano. Angalia." Akafungua koti, akaonyesha tai.

"Félicitations, papa, hongera kweli. Lakini nikikuandikia karatasi ya kutoka, ng'ambo batakurudisha. Na kama habakurudishi, siku ya kuingia tena huku mwenzangu atakuuliza hii moto ni ya nani."

"Ni yangu! Bantu bote ba kartier, bajirani bangu, banajua."

"Kartier haiko hapa, papa."

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningeweza kumchukia, na ingekuwa nafuu kidogo.

Papa akampigia baba mdogo, anayekaa karibu na kwetu. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwenye mkoba wa mama, ng'ambo. Tukamsikia baba mdogo kwenye simu akigonga kufuli kwa nyundo. Akatuma picha ya karte roze. Papa akakimbia nayo dirishani. Yule bwana akaitazama simu, akasema, "Hii sasa ni kopi ya kopi." Alitaka karatasi yenyewe mkononi. Baba mdogo akasema anakuja na basi, lakini mpaka basi lijae, mpaka lifike, mchana ungekuwa umepita.

Tukasukuma pikipiki hadi kwenye parking. Mlinzi akakataa. Siku ya kuja kuitoa, alisema, atajuaje kama ni yetu?

Papa akakaa chini kwenye ukingo wa barabara na suti yake. "Kosa ni yangu," akasema. "Miye ndiye sikufikiri." Mimi nilikuwa nimefikiri. Nikaendelea kuishikilia pikipiki isianguke.

Kulikuwa na mama mmoja, zamani wa parokia yetu, anayeuza vitumbua pale mpakani. Alikuwa ametuona tangu mwanzo. Akaja akipangusa mikono. "Papa, acha mutoto na moto hapa kwangu, miye peke yangu siwezi kuichunga, niko nauzisha. Weye enda. Bibi-arusi hawezi kuingia ku kanisa peke yake kama hana baba."

Papa akanitazama. "Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ningesema nini? Mmoja wetu alipaswa kwenda, na baba ni mmoja. Akanipa ufunguo. Akaanza kuvuka kwa miguu, na alipofika katikati ya watu akakumbuka kwamba amevaa helmeti, akarudi kunipa, na hakuniangalia usoni.

Nilikaa juu ya pikipiki kando ya beseni la vitumbua. Mama yule akaniambia, "Vaa gauni yako, mutoto, nikupige hata foto." Nikakataa. Akanipa kitumbua, nikakirudisha kwenye beseni.

Karibu na saa tano simu yangu ikalia. Yaya.

"Papa anafika. Weye uko wapi?"

"Mupaka. Nachunga moto."

"Unachunga nini?" Nikasikia kengele nyuma yake. "Sasa nani atasimama na miye?"

"Sijui, yaya."

Halafu sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema atashika yeye maua, simu ikatwe, padri ameingia. Simu ikakatika. Nilitaka kulia lakini kulikuwa na watu wengi mno.

Baba mdogo alifika saa nane kasoro, jasho linamtoka, karte roze ameifunga ndani ya gazeti. Akanishika mkono, tukakimbia dirishani. Yule bwana akaigeuza mbele na nyuma, akalinganisha namba.

"Voilà. Sasa iko bien. Mupite."

Hatukusogea. Baba mdogo hana laissez-passer, na mimi sijui kuendesha, wala barua yangu hainivushi bila papa. Yule bwana akatutazama, mmoja na mwingine, akatafuta kwa macho mtu wa suti.

"Ndoa ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano," nikasema. Ni neno la kwanza nililomwambia siku ile.

Akaikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwa mikono miwili, akamwita anayefuata.