Kinyonga Aliyelishwa Asali

Juzi nilikuwa sokoni Tabora mjini, napita kwenye safu ya wauza asali, mama mmoja akanifungulia ndoo yake nionje. Asali ya msituni, nyeusi kidogo, yenye harufu ya moshi wa mrinaji. Wewe pengine ukinusa asali unakumbuka chai ya mgonjwa, au mkate wa sikukuu. Mimi namkumbuka kinyonga. Nilisimama pale nacheka peke yangu, kidole kinanata, hata yule mama akaniangalia kwa mashaka. Nikanunua chupa mbili ili aniheshimu, nikaenda zangu. Lakini nimekaa na jambo hili tangu siku ile, na afadhali nikusimulie wewe, maana wajukuu zangu wameshaniambia wamelisikia.

Nilikulia Kwihara, kwa bibi mzaa mama, enzi za Mwingereza. Baba alifanya kazi ya reli, mara wampeleke stesheni hii, mara ile, na mama alimfuata. Wakaona mtoto wa kike asome akiwa ametulia mahali pamoja. Nyumba ya bibi ilikuwa kando ya ile njia kuu ya zamani, iliyotoka Pwani ikapita kwetu kwenda Ujiji. Misafara ilikuwa imekwisha zamani, reli imeiua, na njia yenyewe imebaki ya ng'ombe na ya wanawake wanaokwenda kisimani. Kwa bibi, hata hivyo, njia ile haikufa. Baba yake alikuwa mpagazi. Alikwenda Pwani na kurudi, meno ya ndovu begani, mara nyingi hata bega lake moja likawa chini ya lingine, na alirudi na mambo yake mengi ambayo bibi aliyashika kuliko katekisimu.

Mojawapo lilikuwa hili la kinyonga. Msafara ukimkuta kinyonga anavuka njia, mizigo yote inatuliwa chini. Harukwi, hazungukwi, hasukumwi kwa fimbo. Watu wanasimama mpaka avuke, ndipo wanajitwisha tena. Sijui kama misafara yote ilifanya hivyo, najua tu kwamba bibi yangu alifanya. Awe ametoka shamba na tita la kuni, awe anawahi misa, akimwona kinyonga njiani anatua alichobeba na kusimama. Na kinyonga unamjua: ananyanyua mguu, anayumba, anafikiri, anaurudisha. Nimewahi kusimama na bibi mpaka ugali wa mchana ukawa wa jioni. Jina la mnyama huyo hakulitaja kamwe, alimwita "yule bwana". Padri alipomwambia kwamba hayo ni mambo ya giza, bibi alimsikiliza kwa heshima zote, rozari shingoni, na tulipofika nyumbani akasema, "Padri hajawahi kubeba mzigo."

Mimi kwa upande wangu nilikuwa mwanafunzi wa misheni, na mwalimu wetu alikuwa amechora kinyonga ubaoni akatuambia ni mnyama tu, hana laana wala baraka, anakula nzi na anatusaidia. Nilimwamini sana mwalimu yule. Kwa hiyo siku moja nikitoka shule nikamwona kinyonga mdogo, hajafika hata urefu wa kidole changu, ameng'ang'ania unyasi kando ya njia, nilimchukua. Kwa kweli nilimwiba, maana nilijua bibi angesema nini. Nikamficha chini ya kihenge cha mtama, ndani ya tenga bovu la kuku, nikamwekea vijiti vya kukwea. Nikamwita Mpagazi, kwa sababu alitembea kwa taabu kama mtu aliyetwishwa.

Sitaki kukudanganya kwamba alinipenda. Kinyonga hakupendi, anakuvumilia. Lakini mimi nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Nikiamka, kabla ya kunawa uso, nilikwenda kuangalia kama yupo. Nilimkamatia nzi kwenye zizi la mbuzi, nikamletea na panzi wadogo, na ulimi wake ukichomoka nilishtuka kila mara kama vile sijauona jana. Mikono yake ilikuwa baridi, na aliponishika kidole alikishika kweli, kwa vidole vyake viwili huku na vitatu kule. Jicho moja lilinitazama mimi na lingine likatazama mlango, kama linajua kwamba bibi yuko karibu. Nilimwambia mambo mengi ambayo sikumwambia mtu, hasa kuhusu mama.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, ule wakati Unyamwezi unakauka mpaka ardhi inapasuka. Tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu vya kutafuna njia nzima ya shule. Kisima cha bondeni kilikuwa kimebaki tope. Wanawake walikwenda alfajiri, wakapanga mitungi foleni, wakachota kwa kibuyu kidogo kidogo, na bibi alirudi jua limeshapanda. Maji ya mtungi mmoja yalikuwa ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa, na aliyemwaga alijua siku hiyo hatasikia neno zuri.

Ndipo Mpagazi akaanza kuugua. Kwanza aliacha nzi. Nzi akitua mbele yake alimtazama tu, kisha hata kumtazama akaacha. Macho yake, yale yaliyotokeza, yakazama ndani. Mchana kweupe akayafumba. Rangi yake ikawa ya majivu, na niliposhusha kidole alikishika kidogo akaachia. Nilijua mgonjwa anahitaji maji, usinione mjinga kiasi hicho. Nilimwekea maji kwenye kigae, siku zote, tena kwa kuyaiba kwenye mtungi. Hakuyagusa. Nikamsogeza mpaka kidevu chake kikawa ukingoni, akakaa hivyo hivyo amefumba macho. Nikaona basi, huyu ana ugonjwa mkubwa, hata maji hayataki.

Sasa, kwetu mgonjwa hupewa nini? Asali. Ukikohoa asali, ukiungua asali, tumbo likikukata asali, mtoto akizaliwa dhaifu asali. Jirani yetu alikuwa mrinaji, mtu wa kupotea msituni majuma mazima na kurudi amevimba uso na anacheka. Nilimwuliza kwa ujanja, nikasema kuna mgonjwa hataki kula wala kunywa, afanyiweje. Wala hakuuliza mgonjwa ni nani. "Mpake asali mdomoni, atalamba mwenyewe," akasema. "Hakuna anayeikataa."

Jumamosi, bibi akiwa kisimani, nikachovya unyasi kwenye kibuyu chake cha asali, nikampaka Mpagazi mdomoni. Hakulamba. Nikaongeza. Ikamtiririkia kifuani na mikononi. Nikaona labda ana baridi, huko chini ya kihenge ni kivuli, basi nikamtoa nikamlaza njiani kwenye jua, karibu na ua wa minyaa, nikaenda kumalizia kufagia. Nilifagia uwanja wote, na mimi nikifagia hufagia.

Niliporudi, alikuwa mweusi. Nilidhani amebadili rangi, nikafurahi. Kisha ule weusi ukatembea. Walikuwa sisimizi, mamia, wamemjaa mdomo, kope, na katikati ya vidole, na yeye hana hata nguvu ya kujikung'uta. Nikaanza kuwapangusa, nao wakahamia kwangu, maana mikono yangu ilikuwa asali tupu. Nikawa nalia kwa sauti. Nilikuwa nimemwua kwa mikono yangu, hilo ndilo nililokuwa nalisema, na sikumbuki kama nililisema moyoni au kwa mdomo.

Ndipo nikamwona bibi. Alikuwa hatua chache kutoka kwetu, mtungi kichwani, amemwona yule bwana katikati ya njia. Akatua mtungi chini, akasimama kusubiri avuke.

Nilimwambia, "Bibi, hawezi kuvuka. Anaumwa."

Akauliza, "Wa nani huyu?"

"Wangu."

Akatazama kinyonga, akanitazama mimi na kamasi zangu, akatazama nyuma yangu unyasi uliokuwa bado unanata. "Na hiyo asali?"

"Ya kwenye kibuyu chako."

Nilitegemea kofi, na nilikuwa tayari kulipokea mradi afanye jambo. Bibi alifunga kanga yake vizuri kiunoni. Akachovya kiganja mtungini, katika maji yale aliyoyaamkia alfajiri, akamwagia kinyonga. Akachovya tena, na tena. Sisimizi wakasombwa. Waliobaki machoni hawakutoka, na vidole vyangu vilikuwa bado vinanata asali, nikashindwa. Bibi akachuchumaa. Akashika pindo la kanga, akamnyanyua yule bwana kwa mkono wake mtupu, mkono ambao maisha yake yote haukumgusa, akampangusa kope moja, kisha ya pili, taratibu, kama alivyonipangusa mimi tongo. Niliona midomo yake inatikisika, na sijui alikuwa anamwomba nani, Bikira Maria au baba yake.

Tone la maji likabaki kwenye ncha ya kidole chake, likateremka mpaka kwenye mdomo wa Mpagazi. Mdomo ukafunguka. Akameza. Tukaona koo linapanda na kushuka. Bibi akadondosha jingine, akameza, na jingine.

"Ana kiu tu," bibi akasema. "Umemnyima maji mtoto wa watu."

Nikajitetea kwamba maji nilimpa, tena kila siku, kwenye kigae.

"Wewe umewahi kumwona kinyonga mtungini?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lake. "Hawa wanakunywa yanayodondoka. Umande, mvua kwenye majani. Maji yaliyokaa hawayaoni."

Nilimwuliza amejuaje. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi. "Nimesimama kuwasubiri tangu nikiwa kama wewe. Ulidhani nilikuwa natazama nini muda wote huo?"

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile, na nimemsikiliza mtaalamu mmoja wa wanyama aliyekuja kutuhubiria shuleni nilipokuwa mwalimu. Hakusema neno moja ambalo bibi hakulijua. Mwalimu wangu wa Kwihara aliyenifundisha kwamba kinyonga ni mnyama tu hakuwahi kumtazama hata robo saa. Bibi aliyemwogopa ndiye aliyemjua.

Kuanzia hapo Mpagazi akawa mgonjwa wa nyumba nzima. Bibi alinikatia matawi mabichi, tukayapanga ndani ya tenga, na tenga likahamia barazani. Kila asubuhi na kila jioni alijaza maji mdomoni, akavimbisha mashavu, akayapuliza juu ya majani yakawa matone madogo, na Mpagazi akasogea kulamba jani hili na lile. Maji hayo aliyatoa kwenye sehemu yake. Najua, kwa sababu kikombe chake cha chai kilipungua na changu hakikupungua. Jirani mrinaji alipopita akamkuta bibi anampulizia kinyonga maji, alicheka mpaka akashika mti. Bibi, ambaye nilishamweleza ushauri wa asali ulitoka kwa nani, akamwambia, "Wewe nyamaza, tabibu wa sisimizi," na jina hilo likamganda kijijini miaka.

Siku ya tatu macho yakaanza kutokeza. Siku ya tano nzi alitua, ulimi ukachomoka, na mimi na bibi tuliangaliana kama watu waliopokea mgeni kutoka mbali. Bibi yangu alikuwa ameshamzoea sana. Alikuwa anamsalimu kila asubuhi, "Mwangaluka, bwana," na akichelewa kufumbua jicho anamsuta kwa uvivu. Mvua za kwanza zilipokuja tulilitoa tenga nje likiwa wazi, akakwea ua wa minyaa, kijani kabisa, anayumba. Nililia, na bibi aliniacha nilie. Akasema tu kwamba mgonjwa akipona lazima aende, la sivyo ulikuwa unamwuguza kwa ajili yako.

Ua ule wa minyaa haupo. Wamejenga ukuta. Kisima kimefukiwa, watu wana bomba, nami siwezi kusikitika kwamba wanawake hawaamki tena alfajiri kuchota tope. Mrinaji amekufa, na msitu wake umerudi nyuma kila mwaka hadi ukaenda mbali. Ile njia ya misafara imekatwa viwanja, na vijana wanaoishi juu yake hawajui nini kilipita pale. Vinyonga wapo bado, wachache. Nikimwona mmoja nasimama, na wajukuu wananivuta mkono.

Bibi aliugua nikiwa shule ya bweni, karibu na mtihani wa mwisho. Majuma matatu alilala, na wazazi wangu, kwa kunipenda, walisema nisiambiwe mpaka nimalize. Nilikuja kukuta kaburi limeshaota nyasi. Mama alinieleza kwamba mwishoni alikataa chakula na vikombe vyote walivyomletea, akafumba macho, nao wakaona basi, hataki. Nilifaulu mtihani ule, na kwa mtihani ule nikawa mwalimu, sitakana. Lakini nilimwuguza kinyonga wa porini mpaka akapona, na bibi yangu, aliyenionyesha namna ya kumwuguza, sikumpa hata tone.